Kiti cha Theluji

"Mama, polepole," sauti ilisema chini ya nailoni nyeusi iliyofunika kiti chote.

Mutindi hakupunguza mwendo. Kamba ilikuwa imemkata mabega, na alijua kwamba akisimama kidogo tu, magurudumu yatazama. "Shikilia, baba. Tunakaribia."

Matope ya Kasikeu si ya kuchezewa. Udongo mweusi ukinyeshewa siku tatu hunata kama ugali mbichi, na leo ulikuwa na kitoweo chake. Choo cha soko kilikuwa kimefurika, kinyesi cha mbuzi wa mnada kikajiunga nacho, vyote vikateremka barabarani. Mutindi alikuwa pekupeku. Kila alipokanyaga, kitu laini kilipenya katikati ya vidole vyake, na hakutaka kujua ni nini.

Mtihani wa Gredi ya Sita ulikuwa unaanza saa mbili unusu. Mwanawe Muli, ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba hata siku moja, alikuwa amevaa sare tangu alfajiri na kuchonga penseli mbili. Mlango wa mtihani ukishafungwa, hafunguliwi mtu. Kutoka nyumbani hadi shuleni, kukiwa kukavu, ni dakika ishirini. Kwa mvua kama hii ni saa nzima, tena kwa msaada wa kile kiti.

Kiti chenyewe, cha magurudumu, kilitoka kwa wafadhili wa nchi za baridi. Chini ya magurudumu ya mbele kilikuwa na mbao mbili pana zilizopinda ncha, za kutelezea juu ya theluji. Kwenye picha ya boksi, mtoto wa Kizungu alikuwa amekaa katikati ya weupe mtupu, na wazee wa kanisa walibishana wiki nzima: ni nani huyo mwenye shamba kubwa hivyo la pamba na hana watu wa kuvuna? Mvua ya kwanza iliponyesha ndipo ikajulikana kwamba theluji na matope ni ndugu. Muli aliteleza hadi shuleni akicheka, na wenye miguu wakabaki nyuma wakivutana na mabuti yao.

Lakini cha kupewa kina mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi simu ya Mutindi ilikuwa imelia. Walikuwa watu wa wafadhili: leo viti vinakaguliwa. Kiti ambacho hakitaonekana shuleni na mvua hii kitachukuliwa, apewe mwingine.

"Mama, hii kitu inanuka," sauti ikasema. "Ni ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe, na ya watu pia. Jifunike pua, baba."

Penye kinu cha kusagia mahindi, wanaume sita walikuwa wamejibanza chini ya mabati. Ndolo, fundi wa baiskeli ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko mikono, ndiye aliyeanza.

"Mama Muli! Leo umetokea huku mtoni?"

"Imenibidi."

"Umeona ile gari imekwama huko?"

"Nimeiona."

"Na huyo kijana ameongeza kilo, wacha tu! Siku hizi unamlisha nini, simiti?"

Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Mungu atakulipa, mama," kisha akajisogeza ndani zaidi asilowe. Wanaume sita, mikono kumi na miwili, yote mifukoni. Jumapili hao hao husimama mstari wa mbele wakiimba habari za kuchukuliana mizigo, macho wameyafumba. Mutindi aliwatazama, akatema mate kando. Afadhali hata kile alichokuwa akikanyaga.

Alivuta. Chini ya nailoni kitu kilianza kutafunwa, na harufu ya sambusa ikatoka ikachanganyika na ile ya choo. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja hata chai.

"Mama, bado ni mbali?"

Hilo lilikuwa swali la tano. Hapo Mutindi alimchukia aliyekaa kitini. Alimchukia kabisa: uzito wake, kutafuna kwake, hiyo sauti yake ya kudeka. Aliwaza kuiachilia kamba, kiti kirudi chenyewe hadi mtoni na kilichomo ndani. Kisha akaona haya, akamwomba Mungu msamaha, akaendelea.

Kwenye kilima cha mwisho aliteleza, akaanguka kifudifudi. Matope yakamwingia mdomoni, yale yale. Alitema, akatema tena, akajipangusa ulimi kwa ncha ya leso iliyokuwa chafu kuliko ulimi.

"Pole, Mama," ikasema sauti, kiti kisitikisike hata kidogo.

Alifika shuleni saa mbili na dakika ishirini. Watahiniwa walikuwa wamepanga mstari nje ya darasa, na msimamizi wa mtihani alikuwa akiwaita kwa majina, mmoja mmoja. Mwalimu mkuu, Wamucii, alikuwa amesimama barazani akitazama saa yake.

"Mutindi! Dakika kumi tu zimebaki! Mlete, mlete haraka!"

Mutindi akakokota kiti hadi kwenye simiti ya baraza. Akaivuta nailoni.

Aliyekuwa ndani akasimama, akashuka kwa miguu yake miwili, akajipangusa makombo kwenye kitambi, akatoa fomu ndani ya koti.

"Asante sana, Mama. Bila wewe ningebaki huko mtoni na gari yangu. Hiki kiti kiko sawa kabisa, hata kwa mvua," mkaguzi akasema, akitafuta kalamu. "Sasa, mtoto mwenyewe ako wapi?"