Hakimu Bata Aingia Makaani

Wanyama walipojipatia mahakama, wa kwanza kushtakiwa alikuwa Kuku Mweusi. Mtama ulikuwa umeibwa.

"Mwizi ni mweusi, mheshimiwa," alisema Askari Mbwa, "na huyu ni mweusi."

"Imetosha!" akasema Hakimu Bata, aliyejivunia manyoya yake meupe pe. "Afungwe!"

"Mtama? Mimi leo nimekula mchwa tu!" Kuku akalia. Hakuna aliyegeuka.

Bata, akirudi nyumbani kwa maringo, aliteleza akaangukia rundo la vumbi la makaa. Hata hajainuka vizuri, Mbwa akamdaka.

"Wee! Mimi ni hakimu!"

"Weusi wote husema hivyo," akajibu Mbwa, akamsukumia ndani kwa Kuku.

Kuku alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamsogezea bakuli la maji. "Nawa, mheshimiwa. Humu kusema hakusaidii."

Bata aliponawa, Mbwa alifungua mlango mbio, akiomba radhi.

"Mtoe na Kuku," akasema Bata.

"Lakini yeye bado mweusi!"

"Nami nilikuwa mweusi sasa hivi," akasema Bata akiinamia chini, "na mtama sikuiba."

Kuku hakungoja kuombwa radhi. Alitoka mbio, vifaranga wake hawajala.