Utabiri wa Mama Watoto

"Kunja tanga kubwa nusu," mke wa nahodha alisema kwenye simu ya setilaiti. "Saa mbili kutoka sasa mtapigwa na mvua ya upande wa kushoto. Na uvae koti, wewe na kifua chako hicho."

Nahodha akatazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Akacheka, akamwambia akaangalie sufuria zake.

Saa mbili baadaye mvua ikaja, ya kushoto, ikamlowesha mpaka kitovu. Tanga likachanika.

Tangu hapo akashika adabu. Ilikuwa siku ya tisa ya mashindano ya kuvuka bahari, na bahari yenyewe ilikuwa na tabia za mtoto anayeota meno: asubuhi inacheka, mchana inalia, jioni hujui inataka nini. Mashua kumi na moja zilikuwa nyuma yake. Mbele ilikuwepo moja tu, ile iliyojiandikisha dakika ya mwisho. Nahodha, bingwa wa miaka mitatu, hakujisumbua hata kusoma ni akina nani wamo.

"Vifaranga," alisema siku ile ya kujiandikisha, na akaapa mbele ya klabu nzima kwamba wakimshinda atanyoa ndevu zake zote. Ndevu hizo zilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake. Sasa vifaranga walimtangulia kwa maili arobaini.

Kila asubuhi simu ililia.

"Leo shwari mpaka alasiri. Fueni nguo."

Wakafua, zikakauka.

"Ukungu unawajia kutoka mbele. Pigeni honi."

Ukungu ukaja, mzito kama uji.

"Dada yako anayajuaje haya akiwa jikoni?" nahodha alimuuliza msaidizi wake, ambaye alikuwa kaka wa mkewe.

"Dada anasoma sana, shemeji." Akakohoa, kisha akaenda kukagua kamba aliyokwisha kuikagua.

Siku ya kumi na nne kitu kilisikika kikigonga gong-gong kwenye simu.

"Kelele gani hiyo, mama watoto?"

"Upepo. Huku nako umechachamaa. Wewe shika usukani, mimi sijawa tayari kuitwa mjane."

Nahodha akaona haya kidogo. Kweli, mke ni nguzo.

Siku ya ishirini nchi kavu ikaonekana. Redio ya waandaaji ilikuwa imekufa tangu juzi, lakini mbele hapakuwa na tanga hata moja, na moyo ukamwambia vifaranga wamepotea njia. Akazichana ndevu zake vizuri kwa ajili ya picha. Simu ikalia.

"Ukiupita mnara wa taa, upepo utakata ghafla," mkewe alisema. "Andaa makasia."

"Niambie ukweli leo. Unajuaje?"

"Sisi ulitukatikia hapohapo alfajiri. Mimi na dada yangu tumepiga makasia mpaka gatini, viganja vimechubuka. Njoo taratibu, baba watoto. Tumekuachia nafasi ya kufunga mashua ubavuni mwa yetu."