Adabu ya Mkufu

Miaka hiyo kila kiziwi alivaa mkufu uliosoma ishara za mikono yake na kuzitamka kwa sauti, na kisheria sauti ya mkufu ndiyo iliyohesabiwa kuwa kauli yake. Ndugu aliyemdhamini aliruhusiwa kurekebisha jambo moja tu: kiasi cha adabu.

Asubuhi ya kikao cha ukoo, Shekuwe aliuweka mkufu wa dada yake Mwantumu kwenye adabu ya juu kabisa. Alijiambia kuwa anamwepusha na ugomvi.

Baba mdogo akauliza, "Mwanangu, kaka yako anaomba uhamie Lushoto kwa shangazi, yeye aingie nyumba hii na wanawe. Unasemaje?"

Mwantumu akayasoma maneno midomoni mwake, na mikono yake ikaenda kasi. Shekuwe, aliyejua ishara kabla ya kujua kusoma, aliliona kila neno: Sihami. Baba alinijengea mimi. Cherehani zangu ziko hapa, wateja wangu wako hapa.

"Nashukuru kwa kunifikiria," mkufu ukatamka kwa upole. "Nitafuata wazee mtakavyoona."

Wazee wakatabasamu, katibu akaandika. Mwantumu alipoziona nyuso zile, uso wake ukakunjuka. Akamgeukia kaka yake, akamuuliza kwa mikono, "Wamekubali?"

Shekuwe akaitikia kwa kichwa.

Dada akamkumbatia, kisha akaenda kuwaandalia wageni chai. Shekuwe akabaki kitini, na hapo ndipo alipogundua kwamba mikono yake yote miwili ameikalia.