Kiganja cha Shangazi

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mwanahawa alichora ua moja la hina kwenye kiganja cha shangazi yake, Bi Tatu, aliyepofuka miaka mingi iliyopita. Fundi aliyemfunza kuchora alimwonya kwamba mkono ukipumzika leo, kesho hutetemeka.

"Leo ni ua au kunguru?" Bi Tatu alizoea kumtania.

Asubuhi ile Mwanahawa aliingia na koni ya hina kwa mazoea, akaushika mkono. Bi Tatu akauvuta, akauficha ndani ya nguo yake nyeupe.

"Niko eda, mwanangu. Mume wangu kazikwa jana tu. Mjane hapambwi."

"Nisamehe, shangazi." Haya ilimjaa Mwanahawa. Miezi minne na siku kumi bila kiganja kile! "Basi nitachora kwenye karatasi," akasema, akainuka.

Mkono wa Bi Tatu ulitoka tena, ukakaa wazi juu ya mkeka.

Mwanahawa akaweka koni chini, akaketi, akachora ua kwa kidole kikavu, jani baada ya jani.

"Maua yako sijayaona hata moja," Bi Tatu akasema mwishowe. "Nilikuwa nangoja kushikwa mkono tu."