Jua la Kamanda

Mshale wa barometa ulikuwa umeshuka tangu asubuhi. Keren, mpimaji wa kituo cha hewa cha Beni, alijua mvua kubwa inakuja.

"Mama ya météo," kamanda wa waasi aliuliza, "kesho kamiyo zangu zitapita ku njia ya Mbau?"

Keren alitazama rafu tupu. Madaftari ya mvua, miaka thelathini ya mwandiko wa baba yake, askari hawa waliyachoma kupikia maharagwe. Baba alipoyakumbatia, wakampiga risasi.

"Kesho jua, mon commandant. Hata matope ya jana itakauka."

Kesho yake jioni kamanda alirudi kwa miguu, tope hadi kiunoni, malori yote yamezama.

"Ulinidanganya, mwanamuke! Omba pardon!"

"Sitaomba."