Jiko Lililosuguliwa

Verlene alifunua jiko la kuivishia nyama kwa moshi la marehemu mumewe, akasimama kama aliyepigwa kofi. Ndani mlikuwa mnameta. Mlinukia sabuni ya limau.

"Nimelisugua tangu alfajiri, mama," mwanawe alisema, suruali imelowa hadi magotini. "Lilikuwa na masizi, utadhani jehanamu! Sasa tunaweza kuwapa watu wa kanisani jiko hili la zamani bila aibu. Wewe tumia hili jipya nililokuletea. Linachoma, linaoka, linaivisha kwa moshi, na moto unaupima kwenye simu."

Lile la zamani, mumewe alilichomelea mwenyewe kwa bomba kuukuu la kisima cha mafuta. Miaka thelathini alikwangua wavu wake wa chuma kwa brashi tu, maji ya sabuni marufuku. Ule weusi wa mafuta ya nyama na moshi wa mwaloni, alikuwa akisema, ndio mpishi; yeye ni msaidizi.

Verlene alipitisha kidole ndani ya chuma. Kilitoka kikavu, safi.

Mezani, kidari cha ng'ombe kilikuwa tayari kimepakwa chumvi na pilipili manga.

"Mama? Nimekosea?"

Alimtazama magoti yale yaliyolowa.

"Kalete kuni za mwaloni," alisema.

"Za kiasi gani?"

"Za miaka thelathini."