Samaki Aliyepotea Stesheni

Kipande cha samaki kilikuwa kimetoweka chunguni, na stesheni nzima ya Kolwezi ikamgeukia Kankolongo.

Tumbo lake lilikuwa ushahidi wa kutosha. Tangu Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wafukuzwe mjini, wote waliolala pale wakingoja treni walikuwa wamekonda, isipokuwa yeye.

"Tata Kankolongo, rudisha samaki ya kesho!"

"Nirudishe nini? Hapana mi!"

Chungu hicho cha familia kadhaa kilikuwa mikononi mwa Mbelu, binti wa Mama Tshilombo. Walimchagua kwa kauli moja: mpishi asiyekula haibi. Tangu shuleni alikuwa akipigana na chakula, na sasa mvi zilikuwa zimeanza kumtoka. Hali hiyo daktari aliiita ugonjwa, majirani wakaiita uchawi, shangazi zake wakaiita maringo. Alipika kuliko wote, akawapakulia wenzake milima ya bukari, ule ugali wa kwao, kisha akasema ameshiba harufu. Hata chumvi hakuonja. Kazi hiyo alimwachia Kankolongo, aliyeonja kwa uangalifu mkubwa, kwa kijiko kikubwa, na kurudia ili awe na hakika.

Mama Tshilombo alicheka na wengine, lakini alikuwa na hofu. Nyumba imekwenda, vyombo vimekwenda, basi, hayo angeyavumilia. Ila Mbelu sasa alishindwa hata kupanda ngazi za stesheni bila kushikwa, na safari ya Kasai ni ndefu. Mama alitaka amfikishe akiwa hai.

"Ni weye tu njo unakaa karibu na chungu kila siku," mama mmoja alimshikilia Kankolongo.

"Kila siku, ndiyo! Lakini leo habakuniita hata kuonja chumvi!" Sauti ilimtetemeka kwa uchungu wa kweli. "Nililala na njaa yangu pale kwenye mizigo mpaka sahani ikafika!"

Mama Tshilombo alimega bukari, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akatafuna polepole. Chumvi ilikuwa sawasawa kabisa.

Akasimama.

"Mumuache Tata wa watu. Ni miye njo nilikula."

Kelele zikaanza. Mama mzima! Kumbe hata misa ya kila asubuhi haimsaidii! Kankolongo, aliyefufuka ghafla, alidai aombwe msamaha mbele ya Mungu na mbele ya stesheni yote. Mama Tshilombo aliomba, tena kwa magoti, na uso ulimng'aa kama wa mama wa bibi harusi.

Kisha akarudi kuketi kando ya binti yake, akageukia relini makusudi, ili Mbelu apate nafasi ya kufuta mafuta mdomoni.

"Mungu wangu," aliomba kimoyomoyo, "na kesho aibe tena."